Rubavu: Kazi tano za mtu mmoja, jibu moja kwenye dodoso

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda, foleni huwa imeshajipanga mbele ya Petite Barrière, mlango mdogo wa mpaka kati ya Gisenyi na Goma. Wamo akina mama wenye makapu ya nyanya na kabichi kichwani, vijana wenye madumu ya maziwa, na watu wenye ulemavu wanaosukuma baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni magunia. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wengi wao kwa miguu, na kurudi nyumbani kabla ya usiku.

Mdadisi wa takwimu akimuuliza mmoja wao anafanya kazi gani, jibu halikawii: anachuuza. Jibu linaandikwa kwenye dodoso, linapewa namba, linajumlishwa na maelfu ya majibu mengine, kisha ripoti inatoka. Swali la pili ndilo halipewi uzito unaostahili, si Rwanda tu bali katika nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki: mwaka jana, siku kama ya leo, mtu huyo alikuwa anafanya kazi gani?

Si swali la udadisi wa bure. Serikali isiyojua watu wake wanatoka kazi ipi na kuingia ipi, kwa hiari au kwa kusukumwa, itapanga mafunzo, mikopo na masoko kwa ajili ya watu isiowajua. Na hakuna mahali panapoonyesha hatari hiyo waziwazi kuliko wilaya ya Rubavu.

Miaka sita, misukosuko sita

Chukua mfano wa mama mmoja wa Rubavu. Hana jina kwa sababu ni mfano tu, lakini kila tarehe inayoyagusa maisha yake ni ya kweli.

Mwaka 2019 alikuwa akinunua mboga upande wa Gisenyi na kuziuza Goma. Mwezi Julai mwaka huo mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, na tarehe 1 Agosti mpaka ukafungwa kwa saa kadhaa. Siku hiyo alirudi na kapu lake likiwa limejaa. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mtu wa miguu hakupita. Wenye mtaji waliungana na kutuma bidhaa kwa pamoja. Mama huyu hakuwa na mtaji wa kuungana na mtu. Akarudi shambani kulima maharage na viazi vya kulisha watoto.

Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Rubavu huku matetemeko yakipasua nyumba za mji. Kwa wiki chache alipika uji na kuwauzia waliokimbia. Machi 7, 2022 mipaka ya nchi kavu ikafunguliwa tena, naye akarudi kwenye uchuuzi. Hakufika mbali. Juni mwaka huohuo, baada ya tukio la risasi lililosababisha kifo cha askari wa Kongo mpakani, mlango ukaanza kufungwa saa tisa alasiri. Mboga zinazoharibika hazifai kwa mlango unaowahi kufungwa, akahamia kwenye nguo za mitumba. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika, shamba alilokuwa akilitegemea kama akiba likasombwa. Januari 2025 vita vikaingia Goma, wateja wake wakatawanyika, benki za mji huo zikafunga milango, na yeye akaanza kufua nguo za watu mjini Gisenyi.

Mboga, kilimo cha kujilisha, uji, mitumba, ufuaji. Hizo ni kazi tano, ukiacha aliporejea kwenye ya kwanza. Utafiti wa nguvu kazi unaomkuta mara moja tu utaona moja kati ya hizo, na ripoti itamwandika kana kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote.

Jumla tulivu, watu mbioni

Rwanda haikukaa tu. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya nchi hiyo, NISR, ilianza utafiti wake mpya wa nguvu kazi mwaka 2016, ikiufanya mara mbili kwa mwaka, na tangu 2019 unafanyika kila robo mwaka. Katika ukanda huu hilo ni jambo la kujivunia. Tanzania Bara ilifanya utafiti kamili wa nguvu kazi mwaka 2014 kisha 2020/21. Uganda ilifanya wake 2016/17 kisha 2021. Nchi nyingi zingetamani kuwa na takwimu mpya kila baada ya miezi mitatu.

Lakini wingi wa takwimu si sawa na jibu la swali. Ripoti za robo mwaka hueleza ni watu wangapi wako katika kilimo, wangapi katika biashara, wangapi katika ujenzi. Hiyo ni hesabu ya waliopo. Hesabu ya waliohama ni nyingine.

Tuseme kuna wavuvi 1,000 na wachuuzi 1,000 kando ya ziwa. Katika mwaka mmoja wavuvi 200 wanakuwa wachuuzi, na wachuuzi 200 wanakuwa wavuvi. Mwisho wa mwaka ripoti inasema wavuvi ni 1,000 na wachuuzi ni 1,000, hakuna kilichobadilika. Kumbe watu 400 wamejifunza kazi mpya, wametafuta mtaji mpya, wamepoteza wateja wa zamani. Jumla imetulia, watu wamo mbioni.

Kwa hiyo anayetaka kupima ni mara ngapi wafanyakazi wanabadili kazi hana budi kumjua mtu yuleyule kwa nyakati mbili. Njia ziko mbili: kumrudia baadaye na kumuuliza tena, au kumuuliza leo akumbuke ya jana. Kila moja ina mtego wake.

Mtego wa namba

Mtego wa kwanza umo katika namna majibu yanavyogeuzwa kuwa namba. Nchi nyingi hutumia orodha ya kimataifa ya aina za kazi iliyotayarishwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ama yenyewe au ile iliyorekebishwa kulingana na nchi, kama ilivyofanya Tanzania. Toleo la 2008 lina makundi makuu 10, ambayo yanagawanyika hadi kufikia aina 436 za kazi.

Ukiitazama orodha hiyo ukiwa Petite Barrière, mambo hayakai sawa. Anayeuza matunda barabarani yumo katika kundi kuu la 5, la watoa huduma na wauzaji. Anayeuza viatu vya plastiki barabara ileile yumo katika kundi kuu la 9, la kazi za chini kabisa zisizohitaji ujuzi. Mama akiuza ndizi Jumatatu na kandambili Alhamisi, miguu ni ileile, njia ni ileile, wateja ni walewale. Kwenye takwimu amehama kutoka kundi moja kuu hadi jingine, na yeyote anayesoma jedwali atadhani ameporomoka.

Kijana anayesukuma baiskeli yenye mzigo wa mtu mwingine ni mwendesha chombo cha kusukuma kwa miguu. Mzigo ukiwa wake mwenyewe, ni mfanyabiashara. Na ikiwa nusu ya mzigo ni yake na nusu ni ya mteja, jibu linategemea amemwambia mdadisi nini kwanza, na mdadisi ameandika nini.

Hapo ndipo makosa yanapozaa mabadiliko ya uongo. Tuseme katika watu 1,000 ni 50 tu waliobadili kazi kweli ndani ya mwaka. Tuseme pia kwamba kila awamu ya utafiti, mtu mmoja katika kila kumi anapewa namba isiyo sahihi. Kati ya wale 950 ambao hawakubadili chochote, karibu 180 wataonekana wamebadili kazi, kwa sababu tu namba yao ya mwaka huu haifanani na ya mwaka jana. Ripoti itatangaza watu 230 wamehama. Karibu wanne katika kila watano kati yao hawakuondoka walipokuwa.

Marekani waliyaona hayo kabla ya wengine. Katika utafiti wao wa kila mwezi wa nguvu kazi, mhojiwa alikuwa akiulizwa upya kila mwezi anafanya kazi gani, na jibu likapewa namba bila kuangalia la mwezi uliopita. Kuanzia Januari 1994 utaratibu ulibadilishwa: mdadisi anamsomea mhojiwa jibu lake la mwezi uliopita na kumuuliza kama shughuli zake bado ni zilezile. Kiwango cha waliohesabiwa kubadili kazi kilishuka sana papo hapo. Wafanyakazi wa Marekani hawakutulia ghafla mwezi huo. Kilichotulia ni kalamu.

Wataalamu wa utafiti mwingine wa muda mrefu wa nchi hiyo, ulioanza kufuatilia familia mwaka 1968, walirudia kuyapa namba upya majibu ya zamani huku wakiutazama mfululizo wa maisha ya kazi ya mtu mmoja kwa pamoja. Sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyokuwa yameripotiwa iliyeyuka.

Dawa hiyo nayo ina madhara yake. Mtu aliyechoka kuhojiwa akisomewa jibu lake la zamani, rahisi kwake ni kuitikia kwamba hakuna kilichobadilika. Mdadisi mwenye haraka ataitika pamoja naye. Kwa hiyo kosa la kuwaona watu wote wanahangaika linaweza kugeuka kosa la kuwaona wote wamesimama. Kinachosaidia ni kumuuliza kwanza kwa maneno yake mwenyewe wiki iliyopita alifanya nini, na baada ya hapo tu kulinganisha na jibu la zamani.

Mtego wa msimu

Mtego wa pili ni kuchanganya kubadili kazi na kupokezana kazi. Uvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu husimamishwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazaane. Mdadisi akifika wakati ziwa limefungwa, atamkuta mvuvi akibeba mawe kwenye eneo la ujenzi. Akirudi ziwa likiwa wazi, atamkuta mtumbwini usiku kucha. Je, amebadili kazi mara mbili? Ukimuuliza mwenyewe atakushangaa. Yeye ni mvuvi, na babu yake alikuwa mvuvi.

Kilimo kiko hivyohivyo. Rwanda ina msimu A unaoanza Septemba, msimu B unaoanza karibu na Machi, na msimu C wa kiangazi. Utafiti wa nguvu kazi huuliza juu ya siku saba zilizopita, na saa moja tu ya kazi ya kipato ndani ya siku hizo inatosha kumhesabu mtu kuwa ana kazi. Kulinganisha Februari na Mei ni kulinganisha misimu, si watu. Kwa hiyo kiwango cha haki ni cha mwaka kwa mwaka: Februari na Februari, Agosti na Agosti. Na dodoso lisiishie kwenye kazi kuu, kwa sababu katika mji kama Gisenyi kazi ya pili ya mwaka huu mara nyingi ndiyo kazi kuu ya mwaka ujao.

Wanaotoweka

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unawaficha walioumia zaidi.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya ILO na kubadili maana ya ajira. Tangu hapo, anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake hahesabiwi kuwa na ajira. Anafanya kazi, ndiyo, lakini si kazi ya malipo wala faida. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza kutumia maana hiyo mapema, katika utafiti ulioanza 2016.

Maana hiyo ina sababu zake. Zamani mkulima wa kujikimu alihesabiwa ameajiriwa kikamilifu, na nchi maskini zikaonekana hazina ukosefu wa ajira. Lakini angalia kinachotokea Rubavu. Kiwango cha kubadili kazi kwa kawaida hukokotolewa kwa watu waliokuwa na ajira katika nyakati zote mbili. Yule mama aliyefungiwa mpaka mwaka 2020 na kurudi kulima maharage ya kula hakubadili kazi kwa hesabu hiyo. Ametoka nje ya ajira, na kama hatafuti kazi ya kipato, ametoka nje ya nguvu kazi kabisa. Jedwali la waliobadili kazi halimtaji. Jedwali la wasio na ajira nalo huenda lisimtaje.

Mchuuzi mwenye mtaji aliyehama kutoka mboga kwenda duka la vifaa vya simu ataonekana vizuri sana. Aliyepoteza mtaji wote na kurudi kwenye jembe hataonekana. Ripoti itasema waliobadili kazi walifanya vizuri, na itakuwa sahihi kwa wale iliowaona.

Kosa hilo linashuka mpaka kwenye meza ya maamuzi. SACCO za Umurenge zinakopesha watu wa ngazi ya chini katika kila tarafa. Vyuo vya ufundi vinafungua madarasa ya ushonaji, useremala na upishi. Wapangaji wakidhani wachuuzi wa mpakani ni kundi moja lisilobadilika, watajenga soko na kungoja wachuuzi waje. Wakijua kwamba wengi wao huingia na kutoka katika uchuuzi kila mlango unapobana, huenda wangefikiria zaidi akiba ya dharura, mkopo unaoruhusu kusimamisha marejesho mpaka ukifungwa, na mafunzo mafupi ya kazi ambazo hazitegemei saa za mpaka.

Somo kutoka Kagera

Wapo watakaosema kufuatilia watu miaka kwa miaka ni anasa ya nchi tajiri. Jibu liko jirani, ng'ambo ya mto Akagera.

Kati ya 1991 na 1994, watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao wa Tanzania walihoji zaidi ya kaya 900 mkoani Kagera. Nia yao wakati huo ilikuwa kujua vifo vya Ukimwi vinaziathiri vipi familia. Mwaka 2004 wadadisi waliwarudia watu walewale, na mwaka 2010 wakawarudia tena. Hawakurudi kwenye nyumba na kumhoji yeyote aliyekuwemo. Waliwatafuta watu. Aliyehamia Mwanza alifuatwa Mwanza, aliyehamia Dar es Salaam alifuatwa huko, na waliovuka kwenda Uganda nao walitafutwa. Mwaka 2004 walifanikiwa kuzifikia tena zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo.

Kilichopatikana kilipindua mawazo ya wengi. Luc Christiaensen, Joachim De Weerdt na Yasuyuki Todo walipochambua takwimu hizo waliona kwamba, kati ya waliotoka kwenye umaskini, karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine za vijijini au kuhamia miji midogo. Waliotoka kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa kama mmoja katika kila saba.

Hesabu hiyo isingepatikana kwa kuhesabu waliopo. Ilihitaji kujua mtu fulani alikuwa mkulima mwaka 1991 na mwaka 2010 ana kioski katika mji mdogo. Inaonyesha pia kwamba kubadili kazi si msiba wakati wote. Mara nyingi ndiyo ngazi ya kupandia. Kwa hiyo kiwango kikubwa cha mabadiliko, peke yake, hakisemi kama wilaya inapanda au inazama. Mpaka yajulikane mambo mawili zaidi: mtu alihama kwa nini, na kipato chake baada ya kuhama kikoje.

Rwanda imeitaja Rubavu kuwa moja ya miji yake sita ya upili, pamoja na Musanze, Huye, Muhanga, Nyagatare na Rusizi. Matumaini ni kwamba miji hii itapokea watu wanaotoka mashambani badala ya wote kumiminika Kigali. Hilo ndilo jambo hasa lililoonekana Kagera. Ajabu itakuwa kama nchi itawekeza katika barabara na masoko ya miji hiyo bila kuweka namna ya kujua kama wanaoingia wanapanda au wanazungushwa tu.

Kinachowezekana

Yanayohitajika hayavunji bajeti. Kwanza, dodoso la kila robo mwaka liongezewe maswali matatu: miezi 12 iliyopita ulikuwa unafanya kazi gani, uliiacha kwa nini, na kipato chako kimepanda, kimeshuka au kimebaki palepale.

Ni kweli kumbukumbu hudanganya. Watu husahau kazi za muda mfupi na husogeza tarehe. Lakini Rubavu ina kalenda ambayo hakuna asiyeijua. Mdadisi hana haja ya kuuliza mwezi wa tano mwaka 2021. Aulize kabla ya volkano au baada yake, kabla ya mpaka kufungwa au baada ya kufunguliwa, kabla ya Sebeya kufurika au baadaye. Jibu litakuja bila kusitasita.

Pili, maneno ya mhojiwa yahifadhiwe kama alivyoyasema, na majibu ya nyakati mbili yapewe namba na karani mmoja anayeyaona yote mawili. Tatu, ripoti itoe jedwali la kutoka na kuingia, likiwa na safu ya wanaorudi kwenye kilimo cha kujilisha na ya wanaokitoka. Safu hiyo isifichwe kwenye kiambatisho.

Nne, na hapa ndipo jumuiya inapohusika, miji ya mpakani ifuatiliwe kwa pamoja. Gisenyi na Goma ni mji mmoja wenye bendera mbili, na hilo halikuanza jana. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilianzishwa hapahapa Gisenyi mwaka 1976. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini takwimu za Rwanda zinakomea kwenye kizuizi, na mpangilio wa takwimu za kazi wa Kongo ni mwingine kabisa. Utafiti wake mkubwa wa ajira na sekta isiyo rasmi ulifanyika 2004/05 na tena 2012. Mtu anayelala Gisenyi na kufanya kazi Goma anahesabiwa na upande mmoja kwa kitanda chake, na upande mwingine haumhesabu kabisa.

Mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza kutumika Julai 2010, unazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama. Wahandisi, wahasibu na wasanifu majengo wameshatambuliana vyeti. Mchuuzi hana cheti cha kutambuliwa. Alichonacho ni historia ya kazi, nayo haijaandikwa popote. Kundi dogo la kaya zinazofuatiliwa kila mwaka katika Rubavu na Goma, Rusizi na Bukavu, Busia, Mutukula na Rusumo, kwa dodoso moja na orodha moja ya kazi, lingeipa Arusha kitu ambacho haijawahi kuwa nacho: ushahidi wa namna mpaka unavyobadili riziki za watu.

Bila shaka mazingira ya sasa ni magumu. Uhusiano wa Kigali na Kinshasa umeharibika, na Goma haiko katika hali ambayo wadadisi wanaweza kutembea nyumba kwa nyumba na dodoso. Tena watu wa mpakani wana sababu ya kuogopa maswali. Anayepitisha bidhaa kwa njia za panya hatasema, na aliyebadili kazi kwa kukimbia risasi huenda asitake kueleza. Majibu yalindwe, na yasifike kwa ofisa wa forodha wala wa usalama. Lakini upande wa Rubavu unaweza kuanza leo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kuongeza maswali matatu.

Kesho alfajiri foleni itajipanga tena mbele ya Petite Barrière. Mama mwenye kapu atakuwepo, au hatakuwepo. Kama hatakuwepo, iwe inajulikana kama ni kwa sababu amefungua kibanda chake sokoni, au kwa sababu amerudi kulima kipande cha ardhi kisichotosha kulisha watoto wake. Kwa takwimu za leo, yote mawili yanasomeka sawa: mchuuzi mmoja amepungua.